Matundu ya Enos Ketley

Enos Ketley alikuwa seremala wa kijiji chetu cha Thornsted, na mtu akitaka kumkasirisha alikuwa na njia mbili: amtilie sukari kwenye chai, au aegemeze baiskeli kwenye ghala la Bwana Wakeling. La sukari angelisamehe.

Naandika habari zake kwa sababu tuliomjua tumebaki wachache, na kwa sababu mimi ndiye niliyemharibia. Jina langu ni Cyril Dowsett. Nimekuwa mwashi hapa hapa Essex maisha yangu yote, na sasa nina miaka sabini na sita na magoti yasiyokubali kukunjwa hata kanisani.

Ghala lenyewe lilijengwa na watawa miaka mia saba iliyopita, wapate pa kuwekea ngano ya fungu la kumi. Mfalme akawafukuza watawa, ghala likabaki. Mifupa yake yote ni mwaloni, na hakuna msumari wa chuma hata mmoja. Ulimi wa boriti unaingia kwenye shimo la nguzo, kisha kigingi cha mti kinapigwa ubavuni kuvikaza. Enos alipenda kunionyesha jinsi vichwa vya vigingi vile vilivyoachwa vimetokeza nje. Vingeweza kukatwa vikalingana na nguzo, vikapendeza, lakini wale mafundi waliviacha makusudi, ili fundi wa baadaye akitaka kufungua apate pa kugonga.

"Hao walikuwa na adabu," aliniambia. "Walijua watakufa. Wewe Cyril unajenga kama mtu asiyepanga kufa."

Alizaliwa mwaka wa tatu wa karne hii, baba yake seremala, babu yake seremala. Vita vya kwanza vilimkuta mdogo, vya pili vikamkuta mzee, akawa anasema kwamba Mungu alimhifadhi kwa ajili ya ghala, maana kwa uzuri wa sura haikuwa. Yeye na mkewe Maud hawakujaliwa watoto. Kila mwaka mavuno yakiisha alizunguka ghala na nyundo yake ya mti, akigonga nguzo moja baada ya nyingine na kutega sikio. Nguzo nzima inajibu, alisema, iliyooza inanung'unika. Hakuna aliyemlipa kwa kazi ile na hakuna aliyemtuma.

Alitaka kitu kimoja tu duniani. Nguzo za ghala huoza miguuni kwanza, na siku moja, alijua, zingehitaji kukatwa chini na kuungwa miguu mipya. Alitaka kazi hiyo aifanye yeye, kwa mikono yake. Nyuma ya banda lake alikuwa na gogo la mwaloni alilolichagua mwenyewe msituni, amelilaza juu ya mawe, na Maud alikatazwa kuanika nguo juu yake.

Mwaka wa hamsini na sita, ukuta mfupi wa matofali ulio upande wa kaskazini ulianza kumomonyoka. Juu ya ukuta huo ndipo inapolala boriti ya chini, na juu ya boriti ndipo zinaposimama nguzo, kwa hiyo ukuta ukienda vyote vinaufuata. Bwana Wakeling, mwenye shamba na ghala, alimpa Enos usimamizi, na Enos akanichukua mimi nijenge. Kabla hatujaanza, Enos akaanguka kutoka kwenye mplamu wake na kuvunjika mguu. Kijiji kilicheka wiki nzima. Nilimfuata hospitali nikacheka naye.

"Miaka arobaini juu ya mapaa, halafu plamu ndizo zimekuweza?" nilimwambia.

"Zilikuwa plamu nzuri," akanijibu. "Maud amezipika jamu. Wewe hupati." Kisha akanishika mkono wa koti. "Ule ukuta, Cyril. Chokaa na mchanga tu. Usiniletee saruji."

"Najua kazi yangu."

"Najua unaijua, ndiyo maana nakwambia. Mwaloni unakunywa maji na kuyatema. Ukiuziba mdomo kwa saruji, utaoza humo humo na sisi hatuna habari. Sema chokaa."

"Chokaa."

"Sema tena."

"Enos, nitakuvunja na huo mguu wa pili."

Alicheka mpaka muuguzi akaja kunitoa.

Sasa chokaa ni kazi ya mtu mwenye subira. Inakauka pole pole, inataka kufunikwa magunia, kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni, kulindwa na baridi kama mtoto mwenye kifua. Ilikuwa imeshafika Oktoba na mvua haikatiki. Ndipo Bwana Wakeling akapita, mikono mfukoni, akasema, "Dowsett, ukimaliza kabla ya Krismasi, lile banda jipya la ng'ombe nitakupa wewe." Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilitaka jina langu liwe juu ya kitu kikubwa, kipya, cha saruji, cha zama zetu. Na kusema kweli, nilichoka kusikia habari za watawa.

Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba. Niliziba kwa saruji kutoka pembe hadi pembe, nikaipandisha mpaka ikaifunika boriti nusu kimo, nikamaliza kwa siku tisa. Halafu nikaipaka chokaa nyembamba juu yake, nyeupe, nzuri, ili Enos akija aone chokaa.

Alikuja mwishoni mwa Novemba, na magongo yake. Bwana Wakeling alikuwepo, mimi nilikuwepo. Enos aliinama kwa shida, akabonyeza ukuta kwa ukucha wa kidole gumba, pale chini, karibu na mlango. Chokaa ya mwezi mmoja hukubali ukucha, saruji haikubali. Alibonyeza, akabonyeza tena mahali pengine. Kisha akajiinua, akatazama mawingu.

"Naona upepo umegeuka," akasema. "Tutapata barafu."

"Ukuta unauonaje, Ketley?" akauliza Bwana Wakeling.

"Umenyooka," Enos akasema.

Nilijiambia nimemdanganya, na Mungu anisamehe, nilijisifu moyoni.

Hapa lazima nieleze tabia ya kwetu, maana bila hiyo mambo mengine hayaeleweki. Fundi hakosolewi mbele ya mwenye kazi. Akikosea, mwenzake anamezea, anazungumzia hali ya hewa, na anangoja. Aliyekosea anajua anangojwa. Siku moja, mbili, wiki, anakwenda nyuma ya banda la mwenzake, anavua kofia, anasema, "Ile kazi nimeivuruga." Basi wanaitengeneza wawili, na mwenye kazi hajui kitu. Ndivyo walivyoishi baba zetu na ni tabia nzuri, ila ina tundu moja. Inahitaji mkosaji awe na haya.

Mimi sikwenda.

Nikapata banda la ng'ombe, nikapata na mengine. Jumapili baada ya ibada nilikuwa nakwenda kwa Enos kunywa chai, kila Jumapili, miaka kumi na minane. Keki ya Maud, kiti kile kile cha karibu na jiko. Na kila mara alinifungulia mlango wa kukiri, mimi nikapita mbali.

"Mvua ya wiki hii imezidi," alikuwa anasema. "Sijui ule ukuta wetu wa kaskazini unaendeleaje."

"Uko imara kama kanisa."

"Ndiyo. Kanisa nalo lina nyufa."

"Wewe Enos unapenda kusikia mambo yakinung'unika."

"Labda," alisema, na kunisogezea sahani. "Kula keki."

Mwaka wa sabini na nne ukatokea mpango wa kulihifadhi ghala. Fedha zingetoka serikalini, na mkaguzi akatumwa kuja kulitazama. Alikuwa Bi Orrin, mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira na sauti ya kawaida kabisa, si mtu wa makelele. Alizunguka siku mbili. Siku ya pili, upande wa kaskazini, alichukua bisibisi akaichoma kwenye boriti ya chini, nayo ikazama mpaka mpini. Niliona kwa macho yangu, nilikuwa nimesimama na wengine tukijifanya tuna shughuli. Akakwangua chokaa ya ukutani na ikatoka kama utando wa maziwa. Chini yake saruji.

Kisha akaingia ndani, akasogeza mabua yaliyorundikwa kando ya ukuta, akaita watu waje waone. Kwenye saruji yangu kulikuwa na matundu, karibu na chini, yameinamishwa ili maji yatoke, kila hatua moja tundu moja. Alihesabu thelathini na moja. Kila tundu lilizibwa kwa kigingi kidogo cha mwaloni kinachochomoka kwa vidole.

"Aliyetoboa haya ameokoa nusu ya boriti," Bi Orrin akasema. "Pasipo matundu ndipo palipooza."

Vigingi vilikuwa na pande nane. Thornsted nzima ilijua ni nani aliyechonga vigingi vya pande nane.

Jioni hiyo kulikuwa na mkutano darasani shuleni, watu wazima tumejibana kwenye viti vya watoto. Bi Orrin akaeleza: nguzo sita zimeoza miguu, boriti ya kaskazini imekwisha nusu yake, ghala litaokolewa lakini si kwa urahisi. Akasema sababu ni saruji iliyofichwa chini ya chokaa. Bwana Wakeling, ambaye uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira, akasimama.

"Kazi ile nilimkabidhi Ketley," alisema. "Aliyesimamia ni Ketley, Dowsett alijenga kwa amri yake. Na vile vigingi ni vya nani, kama si vyake?"

Mtu wa nyuma akasema, "Basi alijua. Alijua kuna saruji humo, akanyamaza miaka yote hii."

"Ghala la watu," mwingine akasema. "Na akijifanya analipenda."

Enos akainuka. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na ule mguu wa plamu haukuwahi kupona sawasawa, kwa hiyo alishika dawati.

"Matundu ni yangu," alisema.

Halafu akanyamaza. Hakukaa chini. Hakunitazama mimi, alitazama ubao, ambako mwalimu alikuwa ameacha hesabu za kugawanya. Wote walidhani aibu imemkaba. Mimi peke yangu nilijua kile kimya ni cha nani. Nilijua sasa kwamba alijua tangu ukucha ule wa Novemba, kwamba alipiga magoti gizani nyuma ya mabua akitoboa saruji yangu kwa patasi, akaenda nyumbani, akanikatia keki. Alikuwa ananipa nafasi ya mwisho, mbele ya kila mtu, na aliishikilia ile nafasi wazi kwa muda mrefu kuliko ambavyo mtu anastahili. Neno moja tu lilihitajika. Nilikuwa na kampuni, nilikuwa na watu sita niliowaajiri, nilikuwa mjumbe wa kanisa. Nikatazama kofia yangu.

"Basi," Enos akasema mwishowe. "Kazi ilikuwa chini yangu." Akakaa.

Ghala likapata fedha zake. Lakini Bwana Wakeling alisema Ketley asiguse hata kigae, na kamati ikakubali. Waliletwa maseremala kutoka Suffolk, watu wazuri, wanaojua kazi. Miezi saba walikata miguu iliyooza na kuunga mipya, na miezi saba Enos alisimama nje ya geti, upande wa barabara, akiwa ameshika baiskeli yake. Gogo la nyuma ya banda aliwapelekea bila mtu kumwomba, kwa trekta la kuazima. Msimamizi wao alitoka akampa mkono na kumwambia hajaona mwaloni mzuri kama ule tangu aanze kazi.

"Basi chongeni polepole," Enos akamwambia. "Una fundo moja upande wa mzizi, litawasumbua."

Nilipita siku hiyo na gari langu. Nilipunguza mwendo. Akanipungia mkono, nami nikampungia, nikaongeza moto.

Jumapili niliendelea kwenda. Mtu atauliza niliwezaje. Niliweza. Kutokwenda kungekuwa kama kukiri, na uso mkavu ukishauzoea unakukaa vizuri kama koti la zamani.

Alikufa Februari ya mwaka wa sabini na sita, kwa kifua. Baada ya mazishi tulirudi nyumbani kwao kwa mikate ya nyama na chai, na nilipoona Maud yuko peke yake jikoni nikamfuata. 

"Maud, nina neno nataka kukwambia."

"Unalo tangu mwaka wa hamsini na sita," akasema, bila kugeuka. "Kula mkate wako, Cyril."

"Kwa nini hakusema? Angesema tu."

Akageuka hapo. Sijawahi kuona mtu mpole akikasirika kiasi kile bila kupaza sauti.

"Kila Jumapili ukishatoka mlangoni, alikuwa ananiambia, 'Labda Jumapili ijayo.' Kila Jumapili, Cyril. Nilimwambia huyu haji kusema, huyu anakuja kula. Akasema nina roho mbaya. Kila mwezi wa tano alikwenda kuvitoa vile vigingi ukuta upumue, mwezi wa kumi akavirudisha panya wasiingie, na mguu ule mbovu. Usiniambie mimi. Si mimi niliyesimama pale shuleni nikitazamwa kama mwizi. Kawaambie wale waliomtazama."

Nikamwahidi. Nilikusudia kweli. Ila siku ya mkutano wa ghala wa mwaka ule nilikuwa na mafua, na wa mwaka uliofuata palikuwa na mgeni, na mwingine Bwana Wakeling alikuwa mgonjwa na haikuwa vizuri kumsumbua. Akafa. Maud akahamia kwa dada yake Clacton, akafa na yeye. Wale waliokuwa wamejibana kwenye vile viti vidogo wakaondoka mmoja mmoja, na nyumba zao zikanunuliwa na watu wa London. Nilizidi kungoja wakati unaofaa mpaka pakawa hapana mtu wa kuambiwa. Najuta, na naliandika neno hilo lilivyo, najuta asubuhi na najuta nikienda kulala. Nilimnyang'anya rafiki yangu kazi moja aliyoitamani maisha yake yote, na nilifanya hivyo nikiwa nimeketi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye mkutano wa marafiki wa ghala, chama kinacholitunza sasa. Siku hizi kuna harusi mle, na watoto wa shule wanaletwa kupura ngano kwa zamu. Mwenyekiti ni Bi Sandeman, mstaafu, mwanamke mwema, kila Krismasi ananiletea kadi. Wanatengeneza ubao wa historia wa kutundika mlangoni. Kwenye rasimu palikuwa na mstari mmoja: kwamba mwaka wa hamsini na sita ukuta wa kaskazini uliharibiwa kwa saruji na seremala E. Ketley. Nikaomba kusimama.

Nikawaambia yote. Saruji, chokaa ya juu, ukucha, chai, shule. Nilisema, "Liandikeni jina langu. Andikeni Dowsett alidanganya, na Ketley alijua, akaliokoa ghala, akabeba aibu isiyo yake." Nikabaki nimesimama, nikingoja mtu anitukane.

Watu kumi na wawili wakaangalia makaratasi yao. Mmoja akakohoa.

"Asante sana, Bwana Dowsett," Bi Sandeman akasema kwa upole. "Kumbukumbu kama hizi ni hazina kwetu. Huyo Bwana Ketley yupo bado? Tungependa sana kumhoji."

"Amekufa. Miaka ishirini na miwili."

"Oo. Pole sana." Akaandika kitu. "Nadhani tutaufuta tu mstari ule. Hatuna haja ya kutaja majina, sivyo? Hatutaki kumwaibisha mtu. Ilikuwa zamani."

"Lakini mimi nataka kuaibishwa," nikasema.

Wakacheka kidogo, kwa heshima, kama unavyomchekea mzee aliyesema jambo la kuchekesha bila kukusudia. Bwana mmoja akasema kwamba mvua za wiki hii zimezidi, na mwenyekiti akasema ndiyo, na hilo linatuleta kwenye ajenda ya matope pale magari yanapoegeshwa. Nikasimama tena. Mama aliyekaa kando yangu akanishika kiwiko, akanisogezea kikombe.

"Kaa, Bwana Dowsett," akaninong'oneza. "Chai yako inapoa."

Nikakaa.